Ombi Lisilo na Jina

Cheektowaga, 6 Oktoba 2024

Shangazi Caritas,

Pokea salamu za nyumba nzima. Mgongo wa Bagula umepoa, amerudi kazini ghalani, ila wamempa zamu ya asubuhi na sasa analalamikia baridi kana kwamba mimi mke wake ndiye niliyeileta. Watoto wanakua. Mugisho nikimsalimu kwa Kiswahili ananijibu kwa Kiingereza, na dada yake anacheka. Sombe yako ya majani ya muhogo, uliyoitoa kwenye friji ukampa kaka yangu Eliezer alipopita huko, ilifika kwake Columbus, na kutoka kwake ikafika kwangu, bado ngumu kama jiwe. Tumeila siku mbili.

Utashangaa kupata barua ya karatasi siku hizi. Simu yangu inalipwa na chuo, na sijui nani anasoma nini humo. Na wewe, usikasirike, simu yako unaiweka kwa sauti kubwa jikoni, nusu ya mtaa wa South End inanisikia nikikohoa. Karatasi ni yako peke yako.

Jambo lenyewe ni hili. Unajua ninafundisha wanafunzi wa udaktari hapa Wendover, na kila wiki ninawapeleka West Side ya Buffalo kwenye kliniki yetu, ile nyumba ya mbao ya rangi ya kijani uliyoisifia ulipokuja. Wanaotibiwa pale ni watu wetu. Mama wa Kongo anafika, anaelezwa ugonjwa wake kwa lugha yake, anarudi nyumbani akiwa ameelewa. Tangu zamani chuo hakiwezi kufunga mahali kama pale mpaka baraza la sisi wahadhiri lipige kura. Sasa Mkuu mpya wa chuo ameleta kanuni nyingine: yeye peke yake aweze kufunga anachotaka, baraza lijulishwe tu baadaye. Anasema ni ili kazi iende haraka. Neno kliniki halimo kwenye kanuni hiyo, lakini mimi ni mtu mzima, najua paka anapomtazama samaki.

Kura ni mwezi wa tatu. Kanuni ikipita, kliniki imekwisha, na mkataba wangu, ambao unaandikwa upya kila mwaka, utazikwa nayo. Tuko wachache tunaotaka kukataa. Tunakutana kimyakimya, kwa sababu Mkuu ana mkono mrefu. Tafadhali usimwambie mtu. Hata Eliezer usimwambie.

Mimi mtoto wako, ambaye mpaka leo mboga zake za lengalenga haziivi kama zako,
Cibalonza


Louisville, 20 Oktoba 2024

Cibalonza, mtoto wa kaka yangu,

Nimekuona kwenye karatasi na nimefurahi. Mwandiko wako umeharibika tangu uwe daktari. Nilitaka kumwita jirani anisomee, nikakumbuka kwamba ni siri, nikavaa miwani mbili moja juu ya nyingine.

Mimi ni mzima, magoti ndiyo yananitangulia uzeeni. Wazee ninaowatunza pale kazini wananipenda, yupo mmoja ananiita kwa jina la marehemu dada yake na mimi ninaitika. Maombi yetu ya alfajiri yanaendelea vizuri. Akina mama wa Louisville, Columbus na Buffalo tunapiga namba moja ya simu, na kila mmoja analeta mzigo wake tuubebe. Juzi Mama Rutebuka alileta ombi la mtu fulani mwenye shida fulani. Nikamkatiza. Nikamwambia, mama, ombi lisilo na jina ni barua isiyo na anwani, itazunguka posta mpaka lini? Akataja jina, na kijana amepata kazi. Naye Jolie, yule binti wa kwa Nshombo aliyehamia Buffalo, amejibiwa: anamtunza bibi mmoja mzungu ambaye mwanawe ni mtu mkubwa huko kwenu. Wanampa chumba chake na choo chake.

Sasa habari yako. Nimeisoma na damu ikanipanda. Mkuu huyo anaitwa nani? Hao wenzako ni akina nani, mnakutania wapi? Niandikie majina vizuri, kwa herufi kubwa. Mtu akitaka kusimama na mwenzake lazima ajue anasimama na nani, mbele ya nani.

Usiogope. Jambo lako nimeliweka mahali salama kuliko benki.

Aliyekubeba mgongoni Bujumbura yote,
Shangazi Caritas


Cheektowaga, 17 Novemba 2024

Shangazi mpendwa,

Tunakusalimu. Theluji ya kwanza imeanguka, Mugisho ameshapoteza glavu moja. Bagula anasema shikamoo na anauliza kama magoti yako yamepata ile dawa ya kupaka.

Kwanza nikuulize: ulifunga bahasha kwa gundi? Yako ilinifikia ikiwa wazi pembeni. Labda ni posta. Siku hizi kila kitu kinanitia wasiwasi. Wiki iliyopita Mkuu alinikuta kwenye ukumbi, akanishika bega, akasema mikutano midogo midogo haina haja, mlango wake uko wazi. Nani alimwambia kuna mikutano?

Umetaka majina, na sijui unayatakia nini, lakini nikianza kukushuku wewe nitabaki na nani. Mkuu ni Daktari Thurlow. Sisi tunakutana hapa hapa Cheektowaga, nyumbani kwa Daktari Pawlak, mama mjane anayefundisha anatomia. Ndiye aliyenipokea nilipofika chuoni. Koti langu la kwanza la baridi lilikuwa lake. Maprofesa wazee wote wanamfuata, akisema twende wanakwenda, kwa hiyo bila yeye hatuna kura za kutosha. Jikoni kwake ndiko tunakopanga. Tumekubaliana kwamba tutaomba kura iwe ya siri, kwenye karatasi, kwa sababu wengi wenye mikataba kama mimi wanaogopa kuinua mkono mbele ya Thurlow. Hilo ndilo tegemeo letu. Ikiwa ya siri, tunashinda.

Jumanne nililia ndani ya gari, nje ya kliniki. Mgonjwa wangu mmoja, mama wa Uvira, aliniuliza kama ni kweli wanafunga, nami nikamdanganya nikasema si kweli. Nikajifungia garini nikalia kama mtoto. Hakuna aliyeniona ila Pawlak, aliyepita akanipungia mkono.

Barua zangu unaziweka wapi?

Wako, anayesoma bahasha kabla ya barua,
Cibalonza


Louisville, 1 Desemba 2024

Mwanangu,

Salamu ziwafikie, hata huyo wa glavu. Kazini wamenipa dindoni mzima, yule bata mzinga wao, kwa ajili ya sikukuu yao, nimempika kwa pilipili na ndizi, wazungu wawili waliokuja kuonja wametoka na machozi. Dawa ya magoti nimepata. Inanuka.

Bahasha ni ulimi wangu, si posta. Mate yamekauka kwa uzee.

Barua zako zimo ndani ya Biblia yangu, kwenye Zaburi, na Biblia yangu haiguswi na mtu. Machozi yako tumeyabeba, usilie tena ndani ya gari, utapata mafua.

Nakuambia neno moja juu ya huyo Pawlak. Umesema alikuona ukilia. Umesema mnakaa jikoni kwake. Na aliyemfundisha huyo Thurlow alipokuwa mwanafunzi ni nani, kama si wazee wa hapo hapo? Uliza. Mwalimu na mwanafunzi wake ni ndugu. Mimi simsemi mtu vibaya, ninasema tu mwangalie mikono.

Wako asiyelala bila kukutaja,
Shangazi


Cheektowaga, 19 Januari 2025

Shangazi,

Heri ya mwaka mpya, ingawa umeshachakaa. Nilichelewa kuandika, theluji ilifunga barabara na Bagula akabaki ghalani mpaka kesho yake. Binti yetu ameng'oka meno mawili ya mbele na anajiona malkia.

Shangazi, kuna mtu anatuuza. Tulikuwa hatujafungua mdomo juu ya kura ya siri. Hatujaandika popote. Mara Thurlow akatuma ujumbe kwa wahadhiri wote: kura ya mwezi wa tatu itakuwa ya wazi, kila mtu atasimama aitwe kwa jina lake, kwa sababu, anasema, amesikia wapo wanaotaka kujificha. Tulitazamana jikoni kwa Pawlak kama watu walioibiwa na mlango umefungwa.

Halafu likanipata langu mwenyewe. Thurlow aliniita ofisini, akanimiminia kahawa, akasema kwa huruma kubwa kwamba amesikitika kusikia kliniki imenitoa machozi, tena ndani ya gari, peke yangu. Nilishika kikombe kwa mikono miwili. Bagula sikumwambia. Wenzangu sikuwaambia. Ni Pawlak tu aliyepita pale.

Niliuliza, kama ulivyosema. Ni kweli, Pawlak alimfundisha Thurlow. Alikiri bila kuficha, hata akacheka, akasema alikuwa mwanafunzi mwenye mikono mizuri. Na sasa ninakumbuka mengine. Kila tukikutana anauliza, "Nani mwingine anajua?" Kila mara. Nilidhani ni uangalifu. Wiki hii nilimwona akinywa chai na Thurlow, wawili tu, na aliponiona hakuona haya, alinisalimu. Mtu mwenye hatia si angeona haya? Au ndivyo wanavyofanya waliozoea?

Silali vizuri. Nikimtazama mtu ninamsikiliza pumzi. Wewe niambie nifanye nini, maana nimebaki na wewe.

Cibalonza


Louisville, 2 Februari 2025

Cibalonza,

Salamu kwa wote na kwa malkia wa mapengo. Hapa mvua ya barafu imeangusha waya za umeme, tumekaa gizani siku moja, nikapikia jirani kwenye jiko la mkaa nje. Baridi hiyo hata Walungu kwetu milimani haijawahi kuiota.

Nimeisoma barua yako nimesimama. Kikulacho ki nguoni mwako. Anayeuliza sana ana mahali anapopeleka, hilo hata mtoto analijua. Anakupa koti, anakupa chakula, anakuuliza nani mwingine anajua, halafu anakwenda kunywa chai na mwanafunzi wake. Mwanangu, wewe umesoma mpaka vitabu vikakuchoka, lakini mimi nimeishi na watu.

Usigombane naye. Kwetu mtu wa namna hiyo hatumfukuzi. Tunahamisha kikao, hatumwambii, anaelewa mwenyewe. Hamia kwako.

Na usichoke kuniandikia kila mnachopanga, hata kidogo. Nisipojua, nitasimama vipi?

Shangazi yako mwenye hasira


Louisville, 16 Machi 2025

Mtoto wangu,

Hii ni fupi, ninaandika nikisubiri basi. Wote wazima. Mke wa Eliezer, Grâce, ananiambia mtoto wao atabatizwa Pasaka, nendeni wote, mimi sitapata ruhusa kazini.

Nina furaha leo. Mungu amefungua mlango. Kuna mtu wetu ambaye yuko karibu na mwenye nguvu, anaongea naye kwa upole, na mwenye nguvu anasikiliza. Siwezi kusema zaidi kwenye karatasi. Utaona siku ya kura. Utanikumbuka.

Shangazi Caritas


Cheektowaga, 23 Machi 2025

Shangazi,

Sisi ni wazima, na nimemwambia Grâce kwamba tutakuja. Barua yako ya furaha ilifika siku moja baada ya kura. Mlango gani, Shangazi? Nimeisoma tena na tena, sioni mlango.

Tumeshindwa. Nikueleze ilivyokuwa. Nilifanya ulivyosema: vikao tukavihamishia kwangu, kwenye chumba cha chini, na Pawlak hatukumwita. Wenzangu walisita, mimi ndiye niliyewashawishi, niliwaambia habari ya machozi na ya chai. Jumapili moja mwezi wa pili nilisikia gari nje. Nilichungulia. Ni Pawlak, ameshika sahani imefunikwa kitambaa. Aliyatazama magari ya wenzetu yaliyojaa kwenye theluji, aliyatambua yote. Hakugonga. Aliweka sahani kwenye ngazi, akarudi garini polepole, akishika ukuta. Ilikuwa keki ya mbegu za mpopi. Hatukuila, tuliogopa hata keki.

Siku ya kura Pawlak hakuja, na maprofesa wake wazee hawakuja. Viti vyao vyote vitupu. Sisi wa mikataba tuliitwa mmoja mmoja, majina yetu yakisomwa kwa sauti, na Thurlow ameketi mbele amekunja mikono. Watu walioniapia kwamba watakataa walisimama wakasema ndiyo huku wakitazama sakafu. Mimi nilisema hapana. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. Kanuni imepita.

Kwa hiyo ni Pawlak. Nina hakika sasa. Lakini kwa nini hakika hii hainipi usingizi?

Cibalonza


Columbus, 24 Aprili 2025

Shangazi Caritas,

Mtoto wa Eliezer amebatizwa, wamemwita Ferdinandi kama babu. Hakulia majini. Watu walikuwa wengi, chakula kilitosha, Eliezer alicheza mpaka tai ikamzunguka mgongoni. Ninakuandikia kutoka kwake, kwa sababu sikuweza kusubiri kufika nyumbani.

Asubuhi ya Jumatatu ya Pasaka niliamka mapema nikamkuta Grâce jikoni anakanda unga wa mikate ya mafuta. Mikono yake ilikuwa na unga, simu yake iko mezani, imewekwa kwa sauti. Ilikuwa ni maombi yenu. Nilitabasamu, nikaanza kukata unga. Nikakusikia wewe. Ulikuwa unaomba vizuri, Shangazi, una sauti ya kuomba. Ukasema, "Baba, na ile mambo ya mutoto wetu Cibalonza kule Buffalo, na ule Pawlak mwenye alimuuzisha, Bwana, umufunue mbele ya batu yote."

Grâce aliacha kukanda. Alinitazama kama mtu aliyedondosha sahani. Nikaweka kidole mdomoni mwangu, anyamaze.

Halafu ikaja sauti ya mwanamke mwingine, ananyenyekea, anafurahi. Nilimjua: Jolie wa kwa Nshombo. Nakuandikia maneno yake kama nilivyoyasikia, maana sitayasahau.

"Ba mama, Yesu asifiwe. Niko na ushuhuda. Munajua ule bibi niko nachunga, mutoto wake ni ule Thurlow, mukubwa wa ile chuo. Bon, tangu Mama Caritas alituletea ile ombi, nikasema, Mungu haniweke mu ile nyumba bure. Nilimupigia magoti mu salon ya ile nyumba na Kingereza yangu ya kuvunjika. Nikamwambia, patron, usifunge ile kliniki, Cibalonza analia mu motokari juu ya ile kliniki. Bale banakutanaka kwa Pawlak habakuchukie, banaogopa tu, ni juu ya ile banataka kura ya kujificha. Donc kila mara nikimuambia, ananishika mukono. Anasema, asante Jolie, ukisikia ingine, uniambie. Ni mutu ya upole, ba mama. Tuendelee kuomba, roho yake iko nalainika."

Na ninyi nyote mkasema amina. Grâce naye alisema amina, kwa mazoea, kisha akalia.

Nilikaa chini. Unga ulikauka vidoleni. Majina ulinitaka niyaandike kwa herufi kubwa. Ulitaka nikuandikie kila tunachopanga. Uliandika kwamba machozi yangu "tumeyabeba", nami nikadhani ni wewe na malaika zako. Mtu wetu aliye karibu na mwenye nguvu. Mlango ule.

Kliniki inafungwa mwisho wa mwezi wa sita. Mkataba wangu hawatauandika upya, nimepata ujumbe kabla ya Pasaka, sikutaka kukuharibia sikukuu. Hayo yote ningeweza kuyameza. Lakini nilimfungia mlango mama yule mwenye keki. Nilimsema vibaya mbele ya wenzangu. Bila yeye hatukuwa na kura, nilijua, nikamtoa. Nimeshapita mbele ya nyumba yake mara nyingi, na sasa sijui nitapitaje.

Nina swali moja tu. Jolie alipokuambia kwamba Thurlow ni patron wake, ilikuwa lini? Ulijua tangu lini?

Cibalonza


Louisville, 6 Mei 2025

Cibalonza,

Salamu kwa Bagula, kwa Mugisho, kwa malkia. Hapa farasi wao wamekimbia mashindano yao ya kila mwaka, barabara zote zilifungwa, niliteremka basi nikatembea mpaka kazini na magoti haya. Kofia walizovaa wanawake huwezi kuamini. Mvua imenyesha sana, lengalenga nilizopanda nyuma ya nyumba zimeota zote. Mzee aliyekuwa ananiita kwa jina la dada yake amefariki, tumemzika Ijumaa. Nimempongeza Eliezer kwa mtoto. Ferdinandi ni jina zuri.

Nimepata barua yako.

Uliniambia nisimwambie mtu. Sikumwambia mtu. Nilimwambia Mungu, na akina mama wakanisaidia kubeba. Ulitaka niubebe peke yangu? Tulipokimbia kutoka Walungu mpaka Bujumbura nilikubeba wewe peke yangu na ninajua uzito wake, sikutaka tena. Na ningekuombea vipi bila kutaja? Niseme mtoto fulani, chuo fulani?

Jolie hana ubaya. Kwetu mtoto akikosana na mkubwa, mtoto haendi mwenyewe. Anakwenda mtu mwingine kumwangukia yule mkubwa kwa niaba yake, na mkubwa mwenye akili analainika. Jolie alifanya alivyofundishwa na mama yake. Kama huyo Thurlow wenu anapokea magoti ya mtu na kuyageuza kisu, huo ni ubaya wake. Unamlaumu nani?

Na huyo Pawlak, kwa nini hakuja kupiga kura? Mtu akinyimwa kikao anaacha kura? Jiulize na hilo.

Nimechoka leo.

Shangazi yako


Cheektowaga, 25 Mei 2025

Kwa Shangazi Caritas,

Shikamoo. Sisi wote ni wazima. Bagula ni mzima na anafanya kazi. Watoto ni wazima, shule inakaribia kufungwa. Hali ya hewa ni nzuri, theluji imekwisha. Tunatumaini magoti yako yanaendelea vizuri. Eliezer na Grâce wanakusalimu, na mtoto pia.

Mengine hakuna.

Cibalonza


Louisville, 8 Juni 2025

Mwanangu Cibalonza,

Nimepokea salamu zako. Nimeipindua karatasi kutafuta upande wa pili, ni mweupe. Nimeipeleka dirishani. Umeniandikia kama mtu anavyomwandikia mwenye nyumba. Hilo limeniuma kuliko kama ungenitukana.

Sina habari za kutanguliza leo, utanisamehe. Lengalenga zipo, magoti yapo.

Barua yako ile ya Columbus nimeisoma mpaka imeanza kukatika kwenye mkunjo, na kila mara ninakwama mahali pale pa keki. Alishika ukuta akirudi. Ni mjane, kuna barafu, na sisi tuko ndani tunamwogopa. Neno la kuhamisha kikao nilikupa mimi. Yeye alikupa koti.

Kwa hiyo nakuja. Nimeomba ruhusa kazini wakanikatalia, nikawaambia basi ninyi mtajitunzia wazee wenu wiki hiyo, wakanipa. Nitapanda basi mpaka Columbus, nitalala kwa Eliezer nimwone Ferdinandi, kisha nitakuja kwako. Kama hutaki kunifungulia, nitakaa kwenye ngazi hiyo hiyo ya keki, Mugisho ataniona na kuniuliza kwa Kiingereza ninafanya nini.

Utanipeleka West Side kwanza. Nataka kuiona ile nyumba ya kijani kabla hawajaitoa kibao. Halafu utanipeleka kwa Pawlak. Kwetu aliyekosa haendi peke yake, anakwenda na mkubwa wake, na mkubwa ndiye anayefungua mdomo. Mimi nitasema, wewe utatafsiri. Na utatafsiri yote, hata yale yanayonivua nguo. Nitabeba sombe. Sijui kama wazungu wa huko wanaila, lakini siwezi kwenda mikono mitupu kwa mtu ambaye alikuja kwetu na sahani.

Uliniuliza nilijua tangu lini. Nitajibu pale mlangoni kwake, ninyi wawili mkinisikia, ili nisilijibu mara mbili.

Alfajiri ya leo kwenye simu Mama Rutebuka aliniuliza kama nina ombi. Nikasema ninalo, ni la safari. Akauliza ni ya nani, inakwenda wapi. Jolie naye alikuwepo, nilimsikia akikohoa. Wakaningoja mpaka Mama Rutebuka akauliza kama simu imekatika. Nikamwambia haijakatika. Nikafumba macho nikaomba, ombi refu, na sikutaja jina la mtu.

Caritas